Mume Wangu Alipotuuliza Yukoje

Mimi machozi yangu yako karibu. Nimezaliwa hivyo. Harusini nalia, kwenye mahafali ya watoto wa chekechea ninaowafundisha nalia, na mtoto akifaulu kuandika herufi yake ya kwanza bila kushikwa mkono, nageuka ukutani nijifute kwa ncha ya leso kabla hawajaniona. Kwa hiyo wiki ya maombi ilipofika kanisani kwetu, hapa Changamwe karibu na uwanja wa ndege, sikushangaa kujikuta nimepiga magoti mbele nikilia kuliko wote. Akina mama wenzangu walinizunguka wakaniwekea mikono mabegani, na tulipotoka nje mmoja wao akasema, "Mwalimu ana njaa ya haki huyu. Mmemwona?" Nami nilikubali kimoyomoyo. Nilikwenda nyumbani nimeridhika, mwepesi, kama mtu aliyeoga maji baridi mchana wa jua kali.

Mume wangu, jioni zote hizo za maombi, alikuwa akisinzia kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, mahali penye upepo.

Sitaki mumwone vibaya. Ni fundi wa malori katika yadi moja ya makontena, na kutwa yake huipitisha amelala chali chini ya magari, girisi ikimdondokea. Ni mtu wa Ukambani, mwili mkubwa, mcheshi akishashiba, na anapenda kula kwa namna ambayo mama yangu alipomwona kwa mara ya kwanza, kule kwetu Taita, alininong'oneza, "Huyu utampikia kwa sufuria za msibani." Kanisani haachi kuja. Lakini mhubiri akishasema "ndugu zangu" mara ya pili, kidevu chake hugusa kifua. Nilikuwa nimechoka kumfinya. Basi nikawa namwombea. Nilimwambia Mungu amtie njaa hata kidogo, kama hii yangu.

Jumapili ya kufunga wiki ile alikuja mhubiri mgeni, mwinjilisti aliyestaafu, amevaa shati lililofuliwa mpaka rangi ikaisha. Sauti yake ilikuwa imekauka na hakuwa na habari ya kupiga kelele. Sasa, kanisa letu ni la mabati, na ndege ikiwa inateremka uwanjani hupita juu yetu chini kabisa, mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Wahubiri waliotuzoea hunyamaza ipite. Yeye hakujua. Aliendelea kusema, sisi tukaona midomo tu, na ndege ilipokwisha kupita tukadaka mwisho wa maneno yake: "...kwa hiyo usiniulize mimi kama una njaa ya haki, maana mimi jioni ya leo narudi kwetu. Kawaulize wanaokula na wewe."

Watu walicheka. Nikageuka nyuma kumwangalia wangu. Alikuwa macho kodo, ameketi ukingoni mwa benchi, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesikiliza injini yenye hitilafu.

Kwa kawaida tukitoka kanisani huanza kukisia chakula cha mchana kwa harufu za nyumba tunazopita, huyu kapika mbaazi, yule kaunguza vitunguu. Siku hiyo alitembea mbele yetu kimya, mikono nyuma. Tulipofika nilipakua wali wa nazi, samaki wa kupaka na kachumbari yenye pilipili, tukaketi sote wanne: mimi, yeye, binti yetu mkubwa aliye sekondari, na kitinda mimba wetu ambaye wakati huo meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka. Mume wangu alichota wali kwa kijiko, akakiangalia, akakirudisha juu ya sahani.

Katika ndoa yetu yote sikuwahi kuona kijiko hicho kikirudi na wali.

"Hebu niambieni," akasema. "Mimi nikoje hapa nyumbani?"

Tukatazamana. Mimi nikawahi kujibu, "Wewe ni baba mzuri, mbona? Kula, chakula kinapoa."

"Hapana, mama watoto. Huo ni mchuzi mtupu. Nataka nyama. Semeni kweli, sitakasirika."

Binti mkubwa alitumbua macho kwenye sahani yake. Kitinda mimba ndiye aliyejibu, kwa ule ulimi wake uliokuwa ukipenyeza upepo kwenye mapengo. "Baba, ukibisha hodi tunanyamaza."

"Mnanyamaza kwa nini?"

"Hatujui umekuja vipi. Siku nyingine umekuja vizuri. Siku nyingine unafoka."

Uso wangu uliwaka. Nilitamani nimzibe mdomo kwa tonge. Mume wangu aliitikia kwa kichwa, polepole, halafu akamgeukia mkubwa. "Na wewe?"

"Mimi sina neno, Baba."

"Unalo."

Msichana akashusha pumzi. "Ukikosea husemi samahani. Unatuletea mabuyu."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa kweli kiasi kwamba nilishikwa na kicheko kikanitoka puani. Mabuyu yale mekundu ya sukari yalikuwa yamekuwa lugha ya nyumba yetu. Akimfokea mtu asubuhi, jioni alirudi na kifuko cha mabuyu mfukoni, akakiweka mezani bila kusema kitu, na kesi ikafungwa. Sisi tulikuwa tunapima ukubwa wa kosa kwa ukubwa wa kifuko. Yeye mwenyewe, nadhani, hakuwa akijua kwamba tunajua.

"Mabuyu," akarudia. Akawa kama analionja hilo neno. Kisha akanigeukia mimi. "Bado wewe."

Nilisema sina la kusema. Akasubiri. Nikasema basi, kama unataka, tukikutana na watu wakaniuliza hali mimi, unajibu wewe. Wananiuliza mimi, "Mwalimu, hujambo?" Kabla sijafungua mdomo umeshasema, "Huyu hajambo kabisa." Nimekuwa sijambo kwa mdomo wako miaka yote hii, hata siku ambazo kichwa kinanipasuka.

Akatushukuru, mmoja mmoja, kwa heshima kama vile tumempa zawadi, akachukua kijiko chake akala. Lakini alikula polepole, na hakuongeza.

Mimi sikuwa na raha. Baada ya kuosha vyombo nilimfuata alikokaa kwenye ngazi nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Baba watoto, ulikwenda hospitali?"

"Hospitali gani?"

"Daktari kakwambia nini? Nieleze tu, mimi ni mke wako."

Alinitazama mpaka akaelewa, akacheka kicheko chake kikubwa cha tumboni. "Sina ugonjwa. Yule mzee kaniambia nikaulize, nami nimeuliza. Hivi wewe hukusikia?"

Nilikuwa nimesikia. Nilidhani ni mfano.

Angeishia hapo, ingekuwa kisa cha Jumapili moja. Lakini siku iliyofuata alipotoka kazini alipitia kwa mwenye nyumba wetu, bibi mmoja Mswahili wa asili ya hapa, ambaye vyumba vyake tumevipanga tangu kabla kitinda mimba hajazaliwa. Bibi huyo hukaa barazani kwake jioni, redio ikisema karibu na sikio lake, na hakuna linalopita uani asilione. Mimi nilikuwa nikianua nguo, kwa hiyo nililisikia lote.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo huingii ndani kula?"

"Bibi, nimekuja kukuuliza. Nimeishi kwako muda mrefu. Mimi kama jirani nikoje? Nimekukosea wapi?"

Bibi alipunguza sauti ya redio. "Wenda Makka wewe?"

"Hapana, Bibi."

"Maana maneno haya husema mtu aendaye Hija, azunguka kwa majirani kutaka radhi kabla ya safari. Na nyinyi Wakristo hamuendi. Basi wauliza nini?"

"Nataka kujua tu. Nataka kuwa sawa."

Bibi alimtazama kwa jicho moja, kama anayepima samaki sokoni. "Wataka kujua? Haya, keti kitako nikwambie. Hayo maovaroli yako, ukishayafua, yale maji ya girisi wayamwaga pale mferejini. Mfereji ule wapita wapi? Wapita mlangoni kwangu. Asumini yangu ilikuwa pale, nikiamka nachuma, natia nyweleni. Iwapi asumini sasa? Imekufa. Nilinyamaza kwa kuwa ni jirani, na mkeo ni mtu wa heshima. Lakini wallahi, nilikusema kwa Mungu."

Nilijificha nyuma ya shuka. Mume wangu, mtu mzima mwenye mabega ya kubebea matairi, aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Bibi. Sikujua."

"Wajua sasa. Nimekusamehe dunia na akhera. Lakini asumini nnaitaka."

Alimletea miche miwili ya asumini, akachimba mwenyewe, akahamisha na njia ya maji ipite upande wa choo. Bibi alisimama juu yake akimwelekeza, si hapo, zidisha, umepinda, kama msimamizi wa barabara. Kwa siku kadhaa walikuwa wakigombana na kucheka hapo mlangoni mpaka mimi nikawa nachungulia kuona kama mume wangu atapata nafasi ya kuja kula.

Kazini nako aliuliza. Aliniambia mwenyewe, akiwa amekaa anakunywa chai. Kijana wa bara anayemsaidia alimwambia, "Mzee, uko poa tu," kisha akakimbia. Lakini fundi mwenzake, ambaye wamefanya kazi bega kwa bega, alitua spana chini akamwambia, "Nimekungoja uniulize hilo. Wewe tukibishana juu ya gari, hata ikija kuonekana kwamba mimi ndiye niliyekuwa sawa, husemi. Unasema tu, 'Haya, tuendelee.'" Mume wangu alikuwa ananisimulia hayo akitikisa kichwa kwa mshangao, na nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Alikuwa na furaha. Si furaha ya kusifiwa. Ilikuwa ile furaha anayokuwa nayo akishagundua ni wapi hasa lori linavuja.

Habari hazikai. Pale kanisani ulikuwa umekaribia wakati wa kuchagua wazee wa kanisa, na watu walipoona mtu wa benchi la nyuma anazunguka kuwauliza watu amewakosea wapi, walijumlisha mambo wakapata jibu lao. Mwenyekiti wa akina mama alinishika mkono baada ya ibada, akanivuta pembeni. "Mwalimu, tumeshaona. Mzee wako anatafuta kura, na anazitafuta kwa akili. Sisi tuko naye."

Nilimwambia si hivyo. Alinikonyeza.

Na nikiwa mkweli, wazo lile lilinipendeza. Mke wa mzee wa kanisa hukaa mbele. Anasalimiwa kwanza. Nilianza hata kufikiria kitambaa cha kichwa, kama ni cha samawati au cha rangi ya maziwa. Nilisema moyoni, Mungu amejibu maombi, amempa mume wangu njaa, na hiki ndicho chakula chake.

Mchungaji alikuja nyumbani Jumamosi moja alasiri. Nilimwandalia chai ya tangawizi na mahamri, nikatoa vikombe vya kabatini. Alisema jina la mume wangu limetajwa na wengi, kwamba kanisa zima limeona unyenyekevu wake, na kwamba yeye binafsi angefurahi. Alisema kwa maneno mazuri yaliyopangika, nami kwenye ukingo wa kochi machozi yalikuwa yameshaanza safari.

Mume wangu alimwitikia kwa adabu. Kisha akasema, "Mchungaji, kabla hatujafika huko. Wewe nawe sijakuuliza. Unanionaje?"

"Wewe ni baraka kwetu, ndugu."

"Asante. Lakini kweli yenyewe?"

Mchungaji akachukua hamri, akalirudisha. Akaniangalia mimi, nami nikaangalia dari. "Ndugu yangu," akasema hatimaye, "unalala kanisani. Na unakoroma. Nikiwa nahubiri nakusikia, na kuna siku nilisahau nilipokuwa nimefika."

Mume wangu akapasuka kicheko, na mchungaji naye, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akicheka zaidi ya tabasamu la mlangoni, akacheka mpaka akavua miwani. Walicheka kama vijana wa shule. Walipotulia, mume wangu akasema, "Basi, Mchungaji, unajua mwenyewe. Mimi ndiyo kwanza nimeanza kuona. Mke wangu na wanangu hawajamaliza kuniambia. Ukinipa cheo sasa nitashiba kabla sijala."

Mchungaji hakumlazimisha. Aliomba pamoja nasi, akala mahamri mpaka sahani ikabaki na makombo, akaenda zake. Mimi niliosha vikombe vya kabatini kwa kishindo kidogo. Kitambaa cha samawati kilikuwa kimekwisha kunikaa vizuri kichwani.

"Umekasirika," akasema mume wangu kutoka mlangoni.

"Mimi? Sijakasirika."

"Umekasirika. Sema tu."

"Nilitaka ukubali," nikasema. "Nilitaka watu waone."

Hakunihubiria. Alichukua kitambaa cha jikoni akaanza kukausha vikombe, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na akakausha vibaya, lakini nilimwacha.

Baadaye ndipo likaja jambo ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko hayo yote, ingawa mtu wa nje angeliona dogo. Huku kwetu maji ya mfereji huja siku yanazopenda yenyewe. Yakija, kila mtu hukimbia na madebe, kila nyumba hujaza pipa lake, na pipa likijaa mnalilinda kama mali ya urithi. Kitinda mimba wetu alikuwa amechota maji ya kuogesha mwanasesere wake, akaacha bomba la chini ya pipa wazi, akaenda kucheza. Pipa lote likamwagika uani. Jioni baba yake akaja, na siku hiyo alikuwa amekuja vibaya. Kulikuwa na gari alilolifungua akalifunga akaambiwa alifungue tena. Alikuwa mweusi wa girisi mpaka masikioni, na kitu kimoja tu alichokuwa akikitamani duniani kilikuwa kuoga.

Alifunua pipa. Akaona chini.

Sitayaandika aliyoyasema. Hayakuwa matusi, lakini yalikuwa makubwa kwa mtoto mdogo, na yalisemwa uani kwa sauti ya kushindana na injini. Milango ya majirani ilifunguka kidogo, ikafungwa. Mtoto alisimama na mwanasesere wake kifuani, mdomo ukimtetemeka. Kisha mume wangu akakoma katikati ya neno, kama redio iliyochomolewa, akatoka nje ya geti bila hata kunawa mikono.

Binti mkubwa akaninong'oneza, "Ameenda kununua mabuyu."

Niliumia. Nilikaa na kitinda mimba mapajani nikawaza, basi ndiyo hivyo. Yale maswali yote, asumini, mchungaji, kumbe tumerudi pale pale. Nilikuwa nawaza hivyo aliporudi. Mikono yake ilikuwa mitupu. Akaja moja kwa moja, akachuchumaa mbele ya mtoto, na hata akiwa amechuchumaa alikuwa mkubwa kuliko yeye.

"Mwanangu," akasema, "nimekufokea. Maji uliyamwaga kwa bahati mbaya. Mimi nilifoka kwa kutaka. Nimekosea. Nisamehe."

Mtoto alimtazama usoni, akatazama mkono wa kulia, akatazama wa kushoto. "Hukuleta mabuyu?"

"Sikuleta."

Akafikiri kidogo. "Nimekusamehe. Lakini kesho ulete."

Binti mkubwa aliangua kicheko, mimi nikaangua, na baba yao akakaa kitako sakafuni akacheka huku akijifuta macho kwa mgongo wa mkono, girisi ikamjaa usoni zaidi. Nilidhani yamekwisha. Kumbe yeye alikuwa bado. Alisimama, akatoka uani, akasimama karibu na pipa lile tupu akakohoa.

"Majirani," akasema kwa sauti. "Mlinisikia nikimfokea mwanangu. Basi mnisikie na hili. Mimi ndiye niliyekosa, na nimemwomba radhi."

Kutoka barazani ikaja sauti ya bibi mwenye nyumba. "Tumesikia, baba, Mungu akuzidishie! Sasa nyamaza, watu wasikize habari!" Na akaongeza sauti ya redio. Baada ya kitambo kidogo mjukuu wake alikuja na ndoo ya maji imefunikwa kwa sinia. Alisema katumwa, fundi aoge.

Alipokwisha kuoga na kula nilimkuta ameketi kwenye ngazi akipunga upepo. Nikaketi kando yake. Nilimwuliza alikwenda wapi.

"Dukani," akasema. "Nilishayashika mkononi, hayo mabuyu. Nikaona hapana. Nikamrudishia mwenye duka, akanishangaa." Akaniangalia. "Mama watoto, mimi nilidhani nimebadilika. Leo nimeona bado."

"Umevunjika moyo?"

Alilifikiria swali kwa makini, kama alivyo. "Hapana. Ajabu ni hiyo. Bado nataka. Leo nataka kuliko ile Jumapili."

Nimewasikia wahubiri wengi, na nimeandika mengi kwenye pambizo za Biblia yangu, lakini hayo maneno mawili, bado nataka, ndiyo yaliyonifungua macho. Nilikumbuka mimi nilivyotoka kwenye ile wiki ya maombi nimeridhika. Machozi yangu hayakuwa ya uongo, siyakatai, na Mungu anayajua. Ila yalikuwa yamenishibisha yenyewe. Nililia, nikajisikia vizuri, nikaenda nyumbani, na kesho yake sikutafuta kitu. Huyu hakulia. Huyu alikosea mbele ya majirani wote, akaona kwamba amekosea, na badala ya kuona haya akaacha, alitamani zaidi. Mtu mwenye njaa ndivyo alivyo. Humpi sifa ukadhani umempa chakula.

Sikumwambia hayo usiku ule. Nilimwambia tu kwamba ovaroli nimeiloweka. Lakini katika maombi yangu niliacha kumwombea apate njaa kama yangu. Nilianza kuomba nipewe ile yake, na ninaendelea kuomba, na tangu hapo nimejifunza kwamba hilo ni ombi la kuangaliwa sana, maana hujibiwa. Hujibiwa na walimu wenzako ofisini, na wakwe, na hata watoto wa chekechea, ambao hawana haja ya kuulizwa.

Mume wangu hakugeuka malaika. Bado hufoka, ingawa si mara nyingi, na siku hizi hukamata neno likiwa nusu. Mtu akiniuliza hujambo, wakati mwingine namwona akifungua mdomo, kisha anaufunga na kunitazama, akiningoja kwa subira kubwa, mpaka mimi mwenyewe nacheka. Kanisani amehamia benchi la tatu kutoka mbele, mahali pasipo na upepo, asinzie kwa shida. Husinzia hata hivyo.

Aliyenishangaza ni binti yetu mkubwa. Nilikuwa nimemsihi kwa muda mrefu aingie darasa la ubatizo, na kila nikimsihi alikuwa na jibu lile lile, kwamba kanisani watu wanalia, kisha wanatoka nje kusengenyana. Nilikuwa nimeacha kumsumbua. Likizo iliyopita, Ijumaa moja, nilikuwa nimeketi kwenye mbuzi nakuna nazi, yeye ananichambulia mchicha, akasema bila kuinua macho, "Mama, lile darasa huanza saa ngapi?"

Nilijitahidi mkono wangu usisimame. "Lipi?"

"Lile la ubatizo."

"Kesho asubuhi. Kwa nini?"

Alichambua majani kadhaa zaidi. "Nataka tu kuona Baba alikipata wapi hicho alicho nacho," akasema. "Lakini mimi sitalia, Mama. Nisije nikaambiwa nilie."

"Nani kakwambia ulie?" nikasema, na nikainamia nazi yangu haraka, maana mimi nilikuwa nimeshaanza.

Jumamosi alikwenda, amevaa gauni lake la kijani na viatu vya shule. Alirudi mchana akilalamika kwamba benchi ni gumu, mwalimu anazungumza mno, ndege zilipita mara nyingi na nusu ya somo hakulisikia, na kwamba ana maswali. Nilimpakulia chakula. Alikula, akaongeza, akauliza kama Baba anarudi mapema leo.